Wiki za mwisho na Form One: friza la kantini na swali la Mpemba

Jumatatu, wiki ya kwanza

Pepa zimekwisha. Form Four walishabeba magodoro yao wakaondoka, Form Two wamemaliza mtihani wa taifa wako majumbani, kwa hiyo hapa Muheza tumebaki na Form One, Form Three na walimu waliozama kwenye kusahihisha. Kazi ya watoto sa hivi ni kufyeka, kudeki, halafu kufyeka tena. Ukipita darasani saa nne asubuhi unakuta nusu wamelala juu ya meza na nusu wanarushiana vijembe vya Simba na Yanga. Nikamfuata mwalimu wa taaluma nikamwambia nipe hawa Form One B kuanzia baada ya chai mpaka saa saba, ntawapa sayansi isiyo na maksi wala noti. Akasema sawa ila maabara usinichomee, na kila mtoto amalize eneo lake la kufyeka kwanza. Haya.

Vifaa vyenyewe ndo hivi: themomita tatu nzima (ya nne ule uzi mwekundu umekatika katikati, inasoma uongo), mizani moja ya kidijitali, bika chache, pampu ya baiskeli ya mlinzi, mafagio mawili ya chelewa, manjano, choya kavu, magadi, ndimu, sabuni ya unga. Kikubwa kilichokuwa kinakosekana ni friza, la kujaribia kama kweli maji ya moto yanaganda kabla ya ya baridi. La maana liko moja tu hapa shule, la mama wa kantini, analogandishia barafu za ubuyu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, umekuja kulipa chapati za wiki iliyopita?"

Nikalipa chapati palepale, ndo nikaanza kueleza shida yangu. Akasikiliza huku anakanda unga, mwisho akasema nakupa upande wa kushoto tu, na hao wanao wasiniguse barafu zangu, na wasifungue fungue maana umeme nalipa mimi. Tumekubaliana friza linafunguliwa kila baada ya robo saa na mtu mmoja tu, hafungui mwingine.

Jumanne

Leo tumeanza na manjano kwa sababu ni bei rahisi na inafanya kazi hata ukikosea vipimo. Unachovya karatasi nyeupe kwenye manjano iliyokorogwa na spiriti kidogo, unaianika, inakauka na rangi ya njano. Halafu mtoto anachukua njiti ya kiberiti anachovya kwenye maji ya sabuni ya unga anaandika jina lake. Maandishi yanatoka mekundu kama damu ya mzee, darasa zima likapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia dirishani. Ukipaka ndimu juu yake inarudi njano.

Binti mmoja akasema "mwalimu, ndo maana shati jeupe la baba likimwagikiwa pilau, mama akilifua doa linakuwa jekundu". Ndo yenyewe. Kila nyumba ya huku pwani inalijua hilo doa, ila nadhani ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba pale beseni la nguo linafanya kazi ya maabara. Sabuni ni besi (kinyume cha asidi), manjano inabadilika rangi kwenye besi, ukisuuza na kukamua ndimu inarudi. Kwenye silabasi hii ni topiki ya asidi na besi na inasomwa na karatasi ya litmasi, ambayo kwetu iliisha muda tu.

Choya nayo tukaijaribu. Yenyewe ina uchachu wake kwa hiyo inaanza nyekundu, ukiweka ndimu haibadiliki sana inang'aa tu, ukiweka maji ya magadi inapita zambarau mpaka inakuwa kijani chafu fulani hivi. Maji ya jivu yanaipeleka hukohuko, ila uyachuje kwanza, vinginevyo hiyo kijani utaitafuta kwenye tope.

Jumatano

Leo hatujashika kitu, tumebishana tu, na ndo siku niliyoipenda kuliko zote mpaka sasa.

Nimewapa habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, kijana wa Form Three pale Magamba Sekondari, Lushoto, mkoa wetu huuhuu. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, utaratibu ni kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe ndo unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji zinagombaniwa. Mwenzake mmoja akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha akaweka, Mpemba naye kuona nafasi inakwisha akaweka ya kwake ikiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu ya kwake imeganda, ya mwenzake bado ni uji mzito. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye akaja kugundua kwamba wauza aiskrimu wa Tanga hiyo mbinu walikuwa wanaijua na wanaitumia siku zote. Alipoenda Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar kutoa mhadhara, Mpemba akasimama mbele ya watu akauliza, wenzake wakamcheka. Osborne yeye hakucheka, alienda kujaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education, na leo duniani kote hiyo kitu inaitwa athari ya Mpemba.

Nikauliza haya, nani anaamini maji ya moto yanaganda kabla ya ya baridi? Mikono ikawa mingi, nadhani kwa sababu ni Mtanzania mwenzetu wakaona uzalendo. Hapo akasimama kijana mmoja mrefu, mwaka mzima kwenye kipindi changu alikuwa anajibu "yes sir" basi, akasema hivi: "Mwalimu, haiwezekani. Yale ya moto lazima yashuke kwanza mpaka yafike pale ya baridi yalipoanzia. Yakifika hapo, ya baridi yameshaondoka zamani. Sasa yatayakutaje?"

Aisee. Hiyo ndo hoja nzito kuliko zote dhidi ya Mpemba na huyu mtoto kaitoa kichwani mwake. Mwaka mzima tunafundishana kwa Kiingereza na mtu anaonekana hana swali, hizi wiki tunaongea Kiswahili tu, kumbe maswali yalikuwepo siku zote. Hili nimekuwa nikilisema ofisini mpaka wamenichoka.

Sikumjibu. Nilimrudishia swali: je yale maji ya moto yakifika nyuzi 28, pale ya baridi yalipoanzia, ni maji yaleyale uliyoyaweka? Wakaanza kutaja, nikawa naandika ubaoni. Mvuke umetoka kwa hiyo yamepungua. Hewa iliyokuwa ndani yake imetoka wakati wa kuchemka. Kikombe cha moto kinayeyusha kile kilicho chini yake. Maji ya moto "yanajizungusha" zaidi ndani (huyu alimaanisha konveksheni). Wakaweza kutaja karibu yote ambayo wanasayansi wamekuwa wakiyabishania tangu 1969, wakabakiza tu ile ya maji kushuka chini ya sifuri bila kuganda, hiyo nikaiongeza mwenyewe. Nikawaambia ukweli pia kwamba mwaka 2016 kuna watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima muda wa maji kushuka mpaka nyuzi 0 wakasema hawakuona ushahidi wa hiyo athari, na walionyesha kwamba themomita ikikaa juu au chini kwa sentimita 1 tu inatosha kukudanganya. Kwa hiyo jibu la nyuma ya kitabu hakuna. Darasa likakaa kimya kidogo, halafu mmoja akauliza "sasa utasahihishaje?" Nikamwambia hakuna wa kusahihisha.

Alhamisi

Jaribio la kwanza. Vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, mililita 100 kila kimoja, kimoja maji ya ndoo (nyuzi 28), kingine maji ya kuchemka ambayo mpaka yanaingia kwenye friza yalishashuka hadi 85 hivi. Kwa ajili ya ile sentimita 1 ya Waingereza, watoto wamejaribu njia za kila namna, mwisho wamefunga themomita kwenye kijiti cha chelewa kilicholazwa juu ya mdomo wa kikombe, ncha zote zinaishia kina kilekile. Safi kuliko klampu za maabara.

Tumesoma mara tatu, umeme ukakatika. Umerudi jioni kila mtu ameshaenda.

Ila hawakukubali siku iharibike. Wakatoa vikombe wakavipima kwenye mizani. Cha baridi uzito ni uleule wa mwanzo, cha moto kimepungua gramu 5 na ushee. Yule kijana mrefu akakaa anaangalia namba ya mizani muda mrefu, akasema "basi siyo maji yaleyale". Ila papohapo akaongeza kwamba gramu 5 kwenye 100 haitoshi kuokoa muda wote ule. Nami naona hivyohivyo. Mvuke unasaidia mara mbili kwa kweli, unapunguza maji na unapoondoka unabeba joto jingi, ila hili la pili nimewaachia wenyewe walifikirie.

Ijumaa

Kivuli. Hii haihitaji umeme wa mtu. Unasimamisha fimbo ya mita 1 uwanjani wima kabisa (uzi na jiwe), unaweka alama ya ncha ya kivuli kila dakika tano kuanzia saa tano na nusu. Kabla ya kuanza nikauliza kivuli kitakuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi, wote wakasema saa sita kamili, na kitakuwa sifuri kwa sababu jua liko utosini. Yote mawili siyo.

Kivuli kifupi kabisa kimetoka kama saa sita na dakika 12. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, huo mstari uko baharini huko mbali na sisi, Muheza iko karibu 38.8, kwa hiyo jua linachelewa kutufikia kama dakika 25, halafu mwishoni mwa Novemba jua lenyewe linawahi kama dakika 12 au 13 kwa sababu ya jinsi dunia inavyozunguka. Toa hiyo kwenye hiyo. Urefu umetoka sentimita 28 na nusu, na kivuli kimelala kuelekea kaskazini, yani jua liko kusini yetu. Wamechora pembetatu kwenye daftari kwa skeli, wakapima kwa protrakta, digrii 16. Jua msimu huu liko juu ya digrii 21 kusini. 21 toa 16 unabaki na 5. Wakakimbilia atlasi, Muheza iko digrii 5 na kidogo kusini ya ikweta. Fimbo ya ufagio hiyo, jamani.

Wakauliza sasa utosini linafika lini, tukahesabu: mapema Machi na mapema Oktoba. Mmoja kasema mwezi wa kumi atakuja na fimbo yake.

Tukamalizia chini ya mwembe. Zile duara za mwanga zinazokuwa chini ya mti, kila mtu kazikanyaga maisha yake yote, nikawaambia kila moja ni picha ya jua, kwa sababu mwanya kati ya majani unafanya kazi kama tundu la kamera. Hawakuamini. Tukatoboa kadibodi kwa pini tukaishika mita 1 juu ya karatasi nyeupe, mduara ukatoka kama milimita 9. Umbali gawanya kwa upana inatoa mia na kitu, na hiyo ndo ileile ya umbali wa jua gawanya kwa upana wake, kilomita milioni 150 kwa milioni 1.4. Siku jua lilipopatwa 1 Septemba 2016, kule Rujewa mkoani Mbeya waliokuwa ndani ya ule mstari walilishuhudia limekuwa pete, na siku kama hiyo duara zote za chini ya miti nazo zinakuwa pete. Form One wangu wakati huo walikuwa wanajifunza kuandika.

Jumatatu, wiki ya pili

Jaribio la pili, na leo kantini imewaka moto.

Friza la mama lina barafu nene chini na kwenye kuta, ile theluji ya friza ambalo halijasafishwa muda. Vikombe vikawekwa juu yake moja kwa moja. Saa ya kwanza cha baridi kinaongoza kama yule kijana alivyosema. Halafu cha moto kikaanza kushuka kwa kasi ya ajabu, kikakikuta, kikakipita, na kikaganda mpaka katikati wakati kile cha baridi bado unakitikisa unasikia maji. Kelele. Watu wanaimba "Mpemba, Mpemba" mama wa kantini naye kaacha chapati kaja kuangalia.

Wakati wa kutoa ndo siri ikaonekana. Cha baridi kimeinuliwa kwa vidole viwili. Cha moto hakitoki. Kimekamatwa. Ilibidi tuzungushie kitambaa chenye maji ya vuguvugu, na kilipotoka chini yake kimeacha shimo la duara lenye kingo laini, sakafu yake barafu ngumu inayoona ndani kama kioo, wakati pembeni kote ni theluji nyeupe ya kukwanguka. Yani kikombe cha moto kimeyeyusha ile theluji, kikazama, maji yake yakaganda tena yakakishika kwa chini na pembeni. Cha baridi kimekaa juu ya theluji, na theluji ina hewa ndani, ni godoro. Hapo joto la cha moto limepata njia nyeupe ya kutokea, la mwenzake limezibwa.

Mama akasema "mi nshaona hilo miaka, ubuyu wa moto unanasa". Nikamuuliza mbona hujawahi kusema. Akanijibu mwalimu hujawahi kuuliza, wewe unakuja kula tu.

Jumanne

Leo nyepesi. Madaraja ya chelewa na uzi, hakuna gundi, upana wa pengo ni sentimita 50 kati ya meza mbili, unaning'iniza ndoo katikati unamimina mchanga taratibu. Walioweka pembetatu wamedumu, walioweka miraba imelala upande kabla hata nusu ndoo. Nilipouliza kwa nini, mmoja kasema fundi paa wa kwao hajawahi kuacha kenchi bila mshazari. Imetosha.

Roketi ya chupa pia, maji robo au theluthi ya chupa ya lita 1.5, kizibo cha mpira chenye valvu ya tyubu, pampu ya mlinzi. Wasimame nyuma ya kamba, na asiwepo wa kuinama juu ya chupa hata ionekane imegoma. Watoto wamelowa, wamefurahi, zaidi ya hapo sina la kuandika, roketi kila mtu anazipenda lakini wakishaanza kuruka hakuna anayefikiri tena.

Jumatano

Jaribio la tatu. Sasa wameng'ang'ania wenyewe: kama theluji ndo mchawi basi tuitoe. Wameweka vikombe juu ya kipande cha foam ya kwenye boksi la televisheni. Jozi mbili za maji, jozi ya kwanza cha moto kulia, ya pili cha moto kushoto, ili asiseme mtu kwamba kona ile ina baridi zaidi. Baridi imeshinda zote mbili. Yule kijana mrefu hakusherehekea hata kidogo, alikuwa anaandika.

Jozi ya maziwa na sukari ikaleta ugomvi mwingine kabisa: kuganda ni nini? Maji unaona barafu. Maziwa yenye sukari yanakuwa uji, uji mzito, uji mzito zaidi. Themomita haisaidii maana sukari inashusha nyuzi za kugandia. Wamebishana karibu nusu saa mpaka dada mmoja akachomeka kijiti cha chelewa katikati ya kikombe akasema kikisimama bila kushikwa, imeganda. Wote wakakubali. Kwa kipimo hicho ya moto kijiti kimesimama, ya baridi kimeinama, ilipofunguliwa tena robo saa baadaye vyote vimesimama. Ndani ya robo saa hatuwezi kusema kitu, na nimewaandikia hivyohivyo ubaoni, "haijulikani", wakakopi kwenye daftari. Vikombe vya maziwa vimeliwa kabla sijageuka.

Alhamisi

Wamewaonyesha Form Three matokeo. Bango lina safu tatu: juu ya theluji, juu ya foam, maziwa. Form Three mmoja akajitia kujua, akasema kumbe Mpemba alidanganywa na theluji ya friji. Kabla sijafungua mdomo binti wa lile doa la pilau akamkata: mbona mwalimu katuambia kwamba Mpemba na Osborne kwenye utafiti wao wa 1969 nao waliweka vyombo juu ya polistairini, yani foam kama hii yetu, na bado ya moto ilitangulia? Pia walipomwaga mafuta juu ya maji kuganda kulichelewa sana, maana yake joto lilikuwa linatokea juu, siyo chini. Form Three akakaa.

Kwa hiyo Januari wakiwa Form Two tunaanzia hapo. Kikombe chenye mafuta ya alizeti juu na kisicho na mafuta, vyote juu ya foam, vyote vya moto. Nahitaji themomita mbili zaidi na kirekodi cha joto kama kuna mtu anacho cha zamani, maana kufungua friza kila robo saa kunaingiza joto na mama wa kantini uvumilivu umeanza kumwishia. Jozi ya maziwa irudiwe na kijiti kikaguliwe kila dakika tano, siku ambayo hana barafu za kuuza.

Yule kijana mrefu amekuja mchana kuomba themomita moja aende nayo likizo. Shangazi yake yuko Tanga mjini anauza aiskrimu, ana friza mbili na moja haina theluji kabisa. Nimempa, nimeandika kwenye daftari la maabara, na foam ameshajichukulia mwenyewe.